Windows 7 bado ipo Mbagala: uibebe, uikate au uigandishe?

"Kaka shikamoo. Ile plagini yako imegoma."

Ujumbe uliingia Jumamosi jioni, na chini yake picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, ina ukungu pembeni lakini maneno yanasomeka: faili la api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll halipo kwenye kompyuta hii. Mwenyewe ni prodyuza wa singeli, yuko Mbagala, anafanyia kazi Dell Latitude E6420 yenye Windows 7. Mashine kainunua Kariakoo, tayari ilishatumika kwa watu miaka kadhaa. Wiki hiyohiyo mteja mwingine, huyu wa Sinza na mwenye Windows 10, akalalamika kwamba FL Studio, programu yake ya kutengenezea muziki, inajifunga kila akiita plagini yangu, yaani programu ndogo ya kompresa inayofanya kazi ndani yake. Hapewi onyo wala ujumbe. Programu inapotea tu, kama taa umeme ukikatika.

Nikasema moyoni, haya ndiyo matatizo ya mashine za kizamani. Kumbe yalikuwa matatizo mawili yasiyohusiana, na yote mawili nimeyapika mimi.

Vijana wanaoanza kuandika programu za sauti hapa mjini huniuliza swali lilelile: Windows 7 niiache au niibebe? Mac za zamani je? Njia ninazozijua ni tatu. Kubeba, yaani toleo lako jipya lifanye kazi hadi kwenye mifumo ya zamani. Kukata, yaani unapiga mstari na aliye nyuma ya mstari abaki huko. Na kugandisha: toleo jipya linakata, lakini toleo la mwisho lililokubali mfumo wa zamani linabaki pale wateja wanapoweza kulichukua.

Sauti yenyewe haijui Windows

Kabla ya kulinganisha, tutazame kinachovunjika hasa. Plagini ya kompresa, yaani ya kusawazisha ukubwa wa sauti, iwe ya muundo wa VST3 au AU, inapokea namba kutoka kwenye programu ya studio, inazizidisha, inazijumlisha, inazirudisha. Kadi ya sauti si kazi yako, inashughulikiwa na FL, Cubase au REAPER. Wewe unaletewa bafa, yaani fungu la namba za sauti, tuseme ya sampuli 256, na kwa sampuli 44,100 kwa sekunde una kama milisekunde 5.8 za kuirudisha. Katika muda huo huna sababu ya kumwomba Windows chochote. Ukimwomba, umeandika vibaya. Ndiyo maana hesabu za kichujio zilizoandikwa miaka 15 iliyopita zinatoa sauti ileile leo.

Kinachovunjika ni vitu vinavyoizunguka sauti: kisakinishi, dirisha na vitufe vyake, kusoma mafaili, na pale plagini inapoiuliza seva kama mteja amelipa. Ukilielewa hilo, mzigo wa kubeba mifumo ya zamani unapungua ukubwa machoni.

Halafu kuna prosesa, ambayo watu huichanganya na mfumo endeshi. Yule mteja wa Sinza alikuwa na HP EliteBook 8470p, Core i5 ya kizazi cha tatu. Mimi, kwa uroho wa kupunguza mzigo wa prosesa, nilikuwa nimeiambia kompaila, yaani kifaa kinachogeuza msimbo kuwa programu, itumie AVX2, maelekezo ya prosesa ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo. Hayo kwa Intel yalianza na Haswell, yaani kizazi cha nne, mwaka 2013. Prosesa ya kizazi cha tatu ikikutana nayo haiyafahamu, Windows inatoa kosa 0xC000001D na kuiua programu nzima, FL na kazi ya mtu ambayo hajaihifadhi. Hata ningetangaza kwamba sitaki tena Windows 7, yeye asingepona, kwa sababu Windows yake ilikuwa 10.

Dawa yake haina gharama kubwa: jenga kwa SSE2, maelekezo ya zamani zaidi ambayo kila prosesa ya biti 64 ya Intel na AMD inayo, kisha plagini ikiamka iulize prosesa ina nini, ichague njia ya haraka kama ipo. Hili lifanye vyovyote utakavyochagua kati ya njia tatu. Mashine zilizojaa Kariakoo ndizo zinazokuamulia.

Njia zikiwa sambamba

| | Kubeba | Kukata | Kugandisha |
|---|---|---|---|
| Windows ya chini | 7 SP1 | 10 | 10. Toleo lililoganda 7 SP1 |
| macOS ya chini | 10.13 | 11 | 11. Toleo lililoganda 10.13 |
| JUCE (maktaba ya kuandikia programu za sauti) | ubaki kwenye 7 | 8 | zote mbili, kila moja mahali pake |
| Mashine za majaribio mezani | nne, kwa uchache | mbili | nne, ila mbili huziwashi mara kwa mara |
| Panapouma | kila ukiongeza kitu kipya | siku ya kutangaza | mradi unapohama kati ya matoleo |

Jedwali hilo linaficha mengi kuliko linavyoonyesha, kwa hiyo nieleze.

Kubeba

Kwa Windows, vifaa bado vinakuruhusu. Visual Studio 2022, kifaa cha Microsoft cha kujengea programu, inaweza kutoa faili linalokubali kufunguka kwenye Windows 7 SP1. Ugumu unatoka kwenye maktaba unazozitegemea. JUCE 8, iliyotoka 2024, inaanzia Windows 10. Anayeandika kwa lugha ya Rust, tangu toleo 1.78 la Mei 2024, shabaha za kawaida za Windows zinataka 10 kwenda juu. Kwa hiyo kubeba maana yake ni kuganda wewe mwenyewe na vifaa vya jana, huku wenzako wakisonga. Mwaka wa kwanza huoni shida. Wa tatu unakuta kasoro uliyoipata kwenye maktaba ilisharekebishwa, ila kwenye toleo usiloweza kulitumia.

Upande wa Mac kuna ustaarabu zaidi. Xcode, kifaa cha Apple cha kujengea programu, kuanzia 14 haiendi chini ya macOS 10.13, lakini ukitumia kitu ambacho 10.13 haina, unaambiwa ukiwa bado mezani. Mfano ni std::filesystem, sehemu ya C++ ya kushughulikia mafaili: inahitaji 10.15, na ukiilenga 10.13 kompaila inakataa papo hapo. Windows haina huruma hiyo. Niliwahi kuita GetDpiForWindow, kitendo cha Windows kilichokuja na Windows 10 toleo 1607, ili vitufe vikae sawa kwenye skrini kali. Kwangu ilijengeka bila neno. Kwenye Windows 7 plagini haikupakiwa kabisa, hata kama mstari ule usingefikiwa, kwa sababu Windows inakagua orodha nzima ya unavyovihitaji kabla haijakufungulia mlango. Jina moja likikosekana, DLL yote, yaani faili zima la plagini, inarudishwa. Inabidi uombe anwani ya kitendo kwa GetProcAddress wakati programu inakimbia, ukikikosa ufanye kwa njia ya zamani. Si kazi ngumu, ila uikumbuke kila mara, na binadamu husahau.

Sasa lile faili la Mbagala. Jina lile refu ni sehemu ya maktaba ya C ya Microsoft ambayo Windows 10 inazaliwa nayo, wakati Windows 7 huipata kwa sasisho KB2999226 au kwa kusakinisha kifurushi cha Visual C++. Windows 7 nyingi za mjini hapa zimepigwa na fundi kutoka kwenye flashi, masasisho yamezimwa siku ya kwanza ili yasile bando. Unaweza kukibeba kifurushi ndani ya kisakinishi chako, kinaongeza kama MB 25. Mimi niliona bora nitumie kiungo tuli, yaani chaguo la /MT, maktaba ya C ikae ndani ya plagini yenyewe. Faili limenenepa kidogo, na lile kosa sijaliona tena.

Leseni nayo ina vituko vyake. Windows 7, kwa namna inavyokuja, haitumii TLS 1.2, kanuni ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kwenye WinHTTP, mlango wake wa kuongea na seva, mpaka iwekewe KB3140245 na mipangilio yake, na seva nyingi za leo hazikubali chini ya hapo. Mteja amelipa, ameandika namba yake sawasawa, plagini inamjibu kwamba hakuna mtandao, na simu yake iliyo pembeni inaonyesha mtandao umejaa. Hapo utatukanwa. Nikaacha kuhangaika. Siku hizi plagini inaonyesha namba ya mashine, mteja ananitumia kwa WhatsApp au anaiandika kwenye ukurasa akiwa kwenye simu, anarudishiwa faili dogo la leseni analoliingiza kwa flashi. Kumbe wenye Windows 11 nao wanaipenda njia hiyo, maana kompyuta nyingi za studio hazina intaneti ya kudumu, na wenyewe hawataki ziwe nayo.

Majaribio ndiyo yanayokula muda. Windows 7 ndani ya VirtualBox, yaani mashine pepe inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, inatosha kuona kama kisakinishi kinamaliza na dirisha linafunguka, lakini haitoshi kusikiliza. Sauti inakwaruza kwa sababu za mashine pepe yenyewe, na hutajua kama kosa ni lako. Unahitaji mashine halisi. Mimi ninayo moja, betri ilishakufa, umeme ukiyumba nayo inazima.

Suala la usalama nalitaja kwa kifupi, kwa kuwa kila mtu analijua na hakuna anayelisikiliza. Windows 7 iliacha kupata viraka vya kawaida 14 Januari 2020, na hata vile vya kulipia vilikoma Januari 2023. Flashi moja ya biti za muziki inapita studio kumi. Ukiamua kubeba, angalau usimlazimishe mtu aiunganishe mashine hiyo na intaneti kwa ajili yako.

Kukata

Raha ya kukata utaijua ukishakata. Msimbo wa kuuliza "hii ni Windows gani" unaufuta. Unapata JUCE 8, inayochora kwa Direct2D, njia ya Windows ya kuchora kwa kadi ya picha, na mita za sauti zinateleza bila kulemea prosesa. Kama unatengeneza programu inayojitegemea, yaani si plagini bali kinanda au kirekodi kinachofunguka chenyewe, faida ni kubwa zaidi. Windows 10 ilileta IAudioClient3, njia mpya ya programu kuomba bafa ndogo ya sauti. Kabla yake, njia ya pamoja ya WASAPI, mlango wa sauti wa Windows, kwa kawaida ilikwenda kwa vipande vya milisekunde 10. Kwa IAudioClient3 na draiva ya HDAudio inayokuja na Windows, bafa inaweza kushuka hadi sampuli 128, milisekunde 2.66 kwa 48,000. Kwa mtu asiye na kadi ya nje, anayepiga kinanda kwa sauti ya laptopu, tofauti hiyo vidole vinaisikia. Kwa programu ya namna hiyo mimi nakata kwenye Windows 10 bila kuomba radhi.

Swali ni ukate wapi. Kuna wanaosema Windows 10 nayo imeshakufa, msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, basi tuanzie 11. Nenda Kariakoo kabla ya kusema hivyo. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu ukiacha chache sana. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, haimo. G5 zenye kizazi cha nane zimo. Mtu na G3 yake safi, ramu GB 16, anatengeneza Bongo Fleva inayopigwa redioni, utamwambia mashine yake ni takataka? Kukata kwenye 11 ukiwa unauza Dar ni kujikata mwenyewe.

Kipimo ninachokiamini ni programu za studio wanazotumia wateja wako. Ableton Live 12 inataka Windows 10 au macOS 11. Kama wateja wako wote wako huko, hakuna mwenye Windows 7 wa kumtetea. REAPER ndiyo inayoharibu hesabu, maana inakubali kurudi hadi Windows XP, na wanaoitumia wanajua hivyo na watakuuliza. Ongeza na wale wenye FL ya miaka mingi iliyopita ambao hawana mpango wa kupanda.

Na usiwaite wavivu. Mac zilizobaki kwenye Mojave, yaani 10.14, nyingi zimebaki kwa makusudi: ndiyo ya mwisho kukubali programu za biti 32, kabla Catalina ya Oktoba 2019 haijazifungia nje. Mwenyewe ana miradi ya miaka kumi imejaa plagini za biti 32, na mteja wake anaweza kurudi kesho kuomba toleo bila mashairi. Mwingine kadi yake ya sauti haikutengenezewa draiva mpya. Akipanda mfumo anapoteza kifaa kizima ili apate mwonekano mpya wa madirisha.

Kwa Mac kuna jambo jingine la kupima. Programu unayoisambaza nje ya duka la Apple inatakiwa ipitishwe kwao ikaguliwe, na uanachama wa watengenezaji ni dola 99 za Marekani kwa mwaka. Apple pia wameshasema macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Kama unauza plagini kumi kwa mwaka kwa watu wa Mac, piga hesabu vizuri kabla hujaanza kubishana kuhusu 10.13.

Kugandisha

Hii ndiyo niliyoichagua. Wengi huifanya vibaya kwa kuiona ni suala la kuacha faili la zamani kwenye ukurasa.

Ugumu uko kwenye mradi unaosafiri. Prodyuza wa Mbagala anaanza wimbo kwenye Windows 7 akiwa na toleo langu 1.4 lililoganda. Wimbo ukinoga, mradi unapelekwa kwa flashi studio ya Mikocheni kwa ajili ya miksi, huko wana toleo 2. Hapo usipokuwa makini, kompresa iliyokuwa imekaa vizuri kwenye sauti ya mwimbaji inafunguka na namba nyingine, na anayelaumiwa ni aliyetengeneza biti. Kwa hiyo: kitambulisho cha plagini kisibadilike, namba za utambulisho wa kila parameta zisibadilike milele, mpya ziongezwe na namba zao mpya, na toleo 2 likipokea hali iliyohifadhiwa na 1.4 lizijaze zilizokosekana kwa thamani zinazotoa sauti ya zamani. Upande wa kurudi pia ufikirie, wimbo ukitoka Mikocheni kwenda Mbagala. Toleo 1.4 lisizimie likikuta kitu lisichokijua, likiruke.

Hilo lote linatakiwa uwe umelipanga kabla ya kugandisha. Mimi sikupanga, nikalazimika kutoa 1.4.1 kwa kazi hiyo tu.

La pili, hifadhi jiko, si chakula peke yake. Kuweka alama kwenye git, hifadhi ya msimbo, hakutoshi. Baada ya miaka miwili msimbo upo, lakini kompaila imebadilika, JUCE imepanda, na huwezi tena kulijenga toleo lile. Nina mashine pepe yenye Visual Studio na JUCE 7 kama zilivyokuwa siku ile, naibeba kwenye diski ya nje, na nakala iko kwa rafiki.

La tatu ni ulimi. Utaombwa: "kaka, ile rangi mpya ya mita turushie na sisi wa Windows 7." Ukikubali mara moja, umerudi kwenye kubeba bila kutangaza. Toleo lililoganda linapata marekebisho ya kinachoharibu sauti au kinachofunga programu, na leseni moja inafungua matoleo yote mawili. Hayo yaandike pale pale kwenye ukurasa wa kupakua, pamoja na tarehe.

Ungekuwa ndiyo kwanza unaanza, huna toleo la zamani la kugandisha, ningekushauri uanzie Windows 10 na macOS 11, prosesa iwe SSE2, kiungo kiwe tuli, leseni iwe ya faili. Wa Windows 7 watakuja wenyewe kukuuliza. Wakifika watano walio tayari kulipa, ndipo ufikirie. Kama unatoa bure, au unafundisha, beba. Wanafunzi ndio wenye mashine kongwe kuliko wote. Kama una wateja tayari waliokuamini kwenye Windows 7, gandisha.

Jumapili nilijenga upya kwa kiungo tuli na bila AVX2, nikaita 1.4.2, nikawatumia wote wawili. Wa Sinza alijibu kwa kidole gumba. Wa Mbagala alikaa kimya hadi saa nne usiku.

"Imekubali kaka, inagonga vizuri kabisa. Ila kitufe cha chini sikioni, dirisha limezama."

Skrini yake ina urefu wa pikseli 768. Dirisha langu nililichora 820.